Umeme Siku ya Mgawo

Mikono ya marehemu ndiyo iliyomharibia Sajini Ezekiel Mwaluko chai ya asubuhi. Alikuwa ameiona jana yake katika chumba cha maiti mjini Morogoro: viganja vyeusi, vimekauka kama viazi vilivyosahauliwa jivuni, na vidole vimekunjika kana kwamba bado vimeshika kitu. Daktari alisema neno moja tu, umeme, akarudisha shuka. Sasa Sajini alikuwa amesimama Lusungi, kule juu milimani ambako barabara ya kutoka Mkuyuni hukata tamaa na kuwaachia watu migomba, na kila alipotupa jicho aliona waya. Waya juu ya mabati, waya uliopitishwa kwenye mpera kuelekea kwa jirani, waya wa kuanikia kanga. Alitembea mikono mfukoni, kama mgeni anayeogopa kuvunja vyombo vya watu.

Marehemu aliitwa Oscar, fundi wa laini. Alipanda nguzo ya transfoma nyuma ya mashine ya kusaga ili abadilishe kikombe cha udongo cha kushikilia waya kilichopasuka, na akafia huko huko juu, mchana kweupe, mbele ya watu waliokusanyika kwa ngoma. Kijiji kilikuwa tayari kimempata muuaji. Mzee mmoja, Kasiani, aliyewahi kukatiwa umeme na Oscar, alisikika na kila mtu akimwambia, "Ukipanda nguzo hii tena, utashuka umekufa." Oscar akapanda. Oscar akashuka amekufa. Basi Kasiani alikuwa amefungiwa stoo ya ofisi ya kijiji, na ndugu wa marehemu walikuwa wametuma salamu kwamba leo wanapanda na lori lao kuja kumwona uso kwa uso. Mkuu wa Sajini hakupoteza maneno. "Mlete mtu wako kabla ya lori kufika. Ukimchelewesha, utaleta maiti ya pili."

Kesi ingekuwa nyepesi, isipokuwa kwa jambo moja dogo lililokuwa likimtambaa Sajini shingoni tangu alipolisikia. Siku aliyokufa Oscar ilikuwa siku ya mgawo.

Mnaukumbuka mwaka ule. Mabwawa yalikauka, nchi nzima ikawa inapewa mwanga kwa zamu, na kana kwamba giza halitoshi, bei ya umeme nayo ikapanda, maana tuliambiwa sasa kila kitu kijilipie chenyewe. Soko huria lilipandisha Lusungi spika kubwa, suruali za mitumba na jenereta za mtu na mtu. Umeme wa nyumbani ukawa jambo la kuulizana kwa sauti ya chini, kama ugonjwa. Siku ile upande wote wa mlima ulikuwa umezimwa tangu alfajiri, na Sajini alithibitisha hilo mwenyewe mjini. Sasa umeme uliomkausha mtu mikono ulitoka wapi?

Alimkuta Stambuli chini ya nguzo. Huyu alikuwa msaidizi wa Oscar, na alikuwa ameletwa amalizie kazi ya mwenzake. Mkanda wa kupandia alikuwa ameuvaa, lakini macho yake hayakupanda juu ya magoti.

"Hii kazi siifanyi, afande," alisema kabla hata ya salamu. "Wanifukuze tu."

"Sijaja kukupandisha. Nieleze siku ile."

"Tulifanya kama tunavyofanya siku zote. Huku milimani matengenezo tunayaweka siku ya mgawo, ili wateja wasikatiwe mara mbili. Tulipita njia panda, nikashusha fyuzi kwa mkono wangu. Hata wangerudisha umeme mapema, usingefika huku. Na tangu siku ile fyuzi hizo hazijarudishwa. Ziko chini mpaka sasa."

"Una hakika?"

"Nimezipitia leo asubuhi."

Sajini aliutazama waya mmoja uliokatika siku ya ajali. Ulining'inia kutoka kwenye nguzo hadi karibu na ukuta wa nyumba moja ya udongo, usawa wa kifua cha mtu. Majani ya chini yake yalikuwa hayajakanyagwa, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kupita hapo, hata mbuzi walikuwa wamezungushwa mbali.

"Na huo?" Alionyesha mnyororo wa shaba uliokuwa begani kwa Stambuli.

Stambuli aliushusha begani. "Huu ni wa kufunga laini na ardhi kabla ya kupanda. Ukiufunga, hata umeme ukija kutoka popote unaishia mchangani."

"Siku ile mliufunga?"

"Siku ya mgawo nani anafunga, afande?" Machozi yalimlengalenga. "Nchi nzima haina umeme, wewe unafunga wa nini? Nilikuwa nimeuacha kwenye gari."

Sajini hakuwa mtaalamu wa nyaya, na tuseme ukweli, alikuwa akiziogopa kuliko nyoka. Lakini hesabu hii haikuhitaji utaalamu. "Kama haukutoka chini," alisema polepole, "basi ulitoka juu."

"Juu kuna nini, afande? Kuna kanisa, kuna mashine ya Mzee Bartholomeo, kuna migomba."

"Oscar alisema lolote kabla ya kupanda?"

"Alikuwa ametoka kwenye mashine. Alisema ameona waya umepita nje ya mita, mashine inasaga bure. Akasema, nikishuka nitamalizana na mwenyewe." Stambuli alifuta uso kwa mkono wa shati. "Hakushuka."

* * *

Stoo ya ofisi ya kijiji ilinuka mbolea na panya. Kasiani alikuwa amekaa juu ya gunia, mzee mwembamba aliyepunguzwa kiwandani mjini akarudi kwao na friji kuukuu. Aliuza barafu mpaka bei ya umeme ilipomshinda, akaanza kujiunganishia mwenyewe kwa kulabu, na Oscar akaja kumkata.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kunichukua?"

"Nimekuja kukuuliza. Ni kweli ulimwapiza yule kijana?"

"Nilikuwa na hasira. Barafu yangu iliyeyuka yote, maji yakajaa sebuleni. Mtu mwenye hasira husema." Alimtazama Sajini bila kupepesa. "Lakini maneno hayapiti kwenye waya, mwanangu. Na mimi ninaiba umeme ukiwepo. Siku ambayo haupo ninaiba nini?"

Hilo lilikuwa limekwisha kumpitia Sajini kichwani. "Ulikuwa wapi?"

"Uani kwangu. Nilikuwa nasikia ngoma ya wenzangu huko juu. Halafu likaanza dansi, wimbo haujafika hata kwenye kiitikio, yowe likapigwa."

Sajini aliacha kuandika. "Dansi? Kwa chombo gani?"

Uso wa mzee ulijifunga kama mlango. Aliinamia miguu yake. Nje lilipita gari, naye akashtuka mwili mzima, akasikiliza mpaka mngurumo ukapotea bondeni. Alijua lori linakuja. Alijua linamjia yeye. Hata hivyo aliposema, alisema, "Nimezeeka. Nachanganya mambo. Ilikuwa ngoma tu."

"Mzee, unajua wale watu wa lori watakufanya nini?"

"Ninajua."

"Sasa unamficha nani?"

"Ilikuwa ngoma tu," alirudia Kasiani, akageuzia uso ukutani.

Sajini alitoka nje. Alikuwa amewahi kuona watu wakidanganya ili wapone. Mtu anayedanganya ili afe hakuwahi kumwona.

* * *

Nyumba ya udongo iliyopakana na nguzo ilikuwa ya Modesta, mjane, dada yake Bartholomeo wa mashine. Ngoma ya siku ile ilikuwa yake. Alimpokea Sajini mlangoni na akabaki hapo hapo, mwili wake umejaza kizingiti.

"Sherehe ilikuwa ya nini, mama?"

"Mambo yetu ya ukoo."

"Kulikuwa na muziki wa spika?"

"Ngoma za mikono tu, afande. Muulize yeyote."

Alikwisha kumuuliza yeyote. Kijiji kizima kilikuwa na jibu hilo hilo, kwa maneno yale yale, kama watoto waliokaririshwa. Na ndilo lililomtisha. Mara akamwona bibi mmoja akizunguka kuelekea mlango wa nyuma na sahani ya ugali imefunikwa.

"Ndani kuna nani?"

"Hakuna mtu."

"Ugali unakwenda kwa nani?"

"Hakuna mtu ndani," alirudia Modesta.

Kumbe kumefichwa mtu! Ukuta wa nyuma wa nyumba hii ulitazamana na nguzo na kibanda cha nyuma cha mashine, na mtu aliyejificha humo angeweza kufanya lolote asionekane. Akapiga hatua. Modesta hakupiga kelele. Alishika miimo yote miwili ya mlango na kusema kwa sauti ya chini kabisa, "Ukiingia humu, afande, uniue kwanza mimi."

Wanawake walikuwa wamejitokeza migombani, bila neno, majembe mkononi. Sajini aliwaona kwa pembe ya jicho, naye akajua kwamba bastola yake iko mjini, kabatini. Stambuli, aliyekuja mbio kutoka nguzoni, akamvuta mkono wa koti.

"Afande, rudi. Humo kuna mwali, msichana aliyewekwa ndani kufundwa."

"Wameniambia hakuna mtu!"

"Wangekuambiaje? Mwali hahesabiwi, hatajwi, na mwanamume hamwoni wala hamsikii sauti mpaka atolewe. Siku ile ndiyo alikuwa anatolewa. Mtu akafa kabla hajafika mlangoni, wakamrudisha ndani." Stambuli alishusha sauti zaidi. "Ikisemwa kwamba sherehe yake ndiyo iliyoua, nani atamwoa? Ataitwa mkosi mpaka kaburini. Mimi kwetu ni Dakawa, lakini haya nayajua."

Sajini aliinamisha kichwa mbele ya Modesta, akaomba radhi na kurudi nyuma. Mtu wa Dodoma, amekaa Morogoro miaka, na hili halijui! Lakini fumbo la Kasiani lilikuwa limefunguka. Kijiji hakikuwa kinamficha muuaji. Kilikuwa kinamficha binti, na mzee yule alikuwa tayari kupigwa mawe kwa ajili ya mtoto wa jirani.

* * *

Mashine ya kusaga ilikuwa kazini. Siku zenye umeme ilizungushwa na mota, na siku zisizokuwa na umeme, injini ya dizeli ilipiga kelele kiasi cha kutikisa bati. Wanawake walisubiri na madebe yao ya mahindi. Bartholomeo alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti, mwenye unga kwenye nyusi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Pole na kazi. Kasiani amekiri?"

"Bado."

"Atakiri. Ile nguzo ina wenyewe, unajua. Waliisimika mahali ukoo wetu ulipokuwa ukifanyia tambiko. Ukiapiza pale, neno halidondoki chini."

"Mzee una jenereta?"

Bartholomeo hakushtuka. Alimpitisha mpaka kibanda cha nyuma, akafunua magunia. "Hii. Imekufa tangu Pasaka. Vifaa vya mitumba ndivyo vilivyo."

Mteja mmoja aliita, na mwenye mashine akatoka. Sajini alibaki peke yake na jenereta. Vumbi la pumba lilikuwa limefunika kila kitu kibandani, nene, la manjano: ndoo, kuta, buibui na utando wake. Kamba ya kuwashia jenereta ilikuwa safi. Aliinama. Nyuma ya gunia, waya mweusi ulikuwa umekunjwa. Aliuvuta kwa ncha ya kalamu, na alipouona mwisho wake nywele zikamsimama. Ulikuwa na plagi huku, na plagi kule.

Waya wa kawaida hauwi hivyo. Huu kazi yake ni moja: plagi moja kwenye jenereta, ya pili kwenye soketi ya ukutani, na umeme unaingia nyumbani kinyumenyume. Usipozima swichi kubwa ya nyumba, unatoka mpaka nguzoni. Stambuli alikuwa amemweleza njiani kwamba umeme mdogo ukiingia transfoma kwa mlango wa nyuma hutokea juu ukiwa na nguvu ya kuua ng'ombe. Oscar alikuwa huko juu, mikono mitupu, hana mnyororo, kwa sababu ilikuwa siku ya mgawo.

Sajini aliutia waya mkobani, akarudisha gunia lilivyokuwa. Alikuwa na chombo. Kilichobaki ni mtu wa kusema kwamba siku ile kiliwashwa, na Lusungi nzima ilikuwa imeuma meno. Aliangalia bondeni. Kwenye kona za chini vumbi lilikuwa likinyanyuka, jembamba, linapanda. Lori.

Hapo ndipo alipofikiria jambo ambalo mtu mwenye akili timamu asingelifikiria.

* * *

"Ninataka watu wote nguzoni," alimwambia Stambuli.

Walikuja. Walisimama mbali na ule waya uliokatika, wanawake upande mmoja na wanaume upande mwingine, Bartholomeo mbele yao akijifuta unga. Injini ya dizeli iliendelea kuunguruma kwa nyuma, mahindi ya watu yalikuwa bado yanasagwa. Modesta alibaki mlangoni kwake.

"Leo ni mgawo," alisema Sajini kwa sauti ya kushinda injini. "Fyuzi ziko chini. Waya huu hauna kitu, kama siku ile. Mnasema kilichomuua fundi ni kiapo cha Kasiani. Sawa. Mimi nitaushika. Nikipona, kiapo hakikumuua, na nitataka kujua ni nini. Nikifa, mchukueni Kasiani."

Minong'ono ilipita kama upepo kwenye mahindi. Stambuli alimjia mbio na mnyororo. "Afande, nifunge kwanza! Tafadhali!"

"Weka chini. Ukifunga, hakuna atakayeogopa."

Na hapo ndipo ulipokuwa ujanja wake. Waya wenye plagi mbili ulikuwa mkobani, umelala salama chini ya mkate wake wa mchana. Jenereta bila waya ule ni chuma tu. Yeye alikuwa anajua hatakufa, na wao hawakujua. Mtu mwenye dhamiri angepaza sauti, amtake asishike, na hapo angemuuliza, umejuaje kwamba hatari ipo? Alitegemea atakuwa Modesta. Au bibi wa ugali. Moyo wa mtu haukai kimya mbele ya kifo, alijiambia.

Alitoa mkono mfukoni. Akaurudisha, kisha akautoa tena. Unajua jambo kwa kichwa, lakini ngozi haina kichwa, na ngozi yake ilikuwa inakumbuka viganja vya chumba cha maiti. Aliwatazama mmoja mmoja. Wanawake waliziba midomo kwa ncha za kanga. Wanaume walitazama chini.

"Mungu akutangulie, mwanangu," alisema Bartholomeo kwa upole. "Mimi siwezi kutazama." Akageuka, kichwa ameinamisha, akaingia kwenye banda lake la mashine.

Nenda, aliwaza Sajini. Utaukosa waya wako.

Alisogea. Injini ya dizeli ilipiga, ikapiga, na kwa kelele ile usingesikia hata mtoto akilia pembeni yako. Waya ulikuwa na kutu kidogo mahali ulipokatika. Aliunyoshea vidole. Akavinyosha tena, sasa upana wa kiganja tu ulibaki kati yake na waya, na akaanza kuwachukia watu wale wote, wanaokubali mtu afe mbele yao kwa ajili ya siri. Basi na nishike, alisema moyoni, tuone.

"Usishike!"

Sauti ilitoka ukutani. Ilikuwa nyembamba, imekwaruza kama kitu ambacho hakijatumika muda mrefu.

"Baba polisi, usishike! Mjomba amewasha!"

Mkono wa Sajini ulikwama hewani. Wanawake walipiga ukelele mfupi wa hofu, si kwa ajili yake bali kwa sauti ile iliyosikika na wanaume. Amewashaje, alijiuliza kwa upumbavu, waya wake ninao mimi. Lakini Stambuli hakuwa na muda wa kujiuliza. Alichomeka ncha moja ya mnyororo kwenye chuma kilichopigiliwa ardhini chini ya nguzo, akaizungusha nyingine na kuirusha juu ya waya.

Mlipuko ulikuwa mkavu, wa buluu. Harufu ya kuungua ilimjaa Sajini puani, na nyuma ya kishindo cha dizeli ukasikika mngurumo wa pili, mwembamba, ambao hakuna aliyekuwa ameusikia. Ulikohoa, ukakwama, ukafa.

Sajini alijikuta amekaa chini. Alifungua mkoba, akauona waya upo, chini ya mkate. Ndipo alipoelewa. Mtu aliyetengeneza waya mmoja wa namna ile huweza kutengeneza wa pili. Alikuwa ameona gunia moja na hakuangalia la pili, akajiona mjanja, akakaribia kujiua kwa mkono wake mwenyewe mbele ya kijiji kizima.

Dizeli ilizimwa. Bartholomeo alitokea kwenye banda, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa na upole. "Nani amesema?"

Mlango wa Modesta, ambao mwili wa mama ulikuwa umeuziba siku zote hizo, ulifunguka kwa ndani. Modesta alijaribu kuushika, kisha mikono yake ikalegea. Binti alitoka juani akiwa amejifunika kaniki, ngozi yake imepauka kwa kukaa gizani, macho yamefinywa na mwanga. Wanawake walikimbia na kanga zao wamfunike. Aliwazuia kwa mkono.

"Siku ile mlikuwa mnanitafutia shanga," alisema, akitazama chini kama alivyofundishwa. "Mimi nilikuwa kwenye tundu la ukuta. Mjomba alikwenda kwenye jenereta ili muziki upigwe. Fundi akampungia mkono kutoka juu, akamwambia asubiri. Mjomba akamtazama. Akamtazama vizuri. Halafu akawasha."

"Prisca," alisema Bartholomeo. Ilikuwa mara ya kwanza jina hilo kutajwa mbele ya wanaume tangu alipowekwa ndani. "Unajua umejifanyia nini, mwanangu? Unajua watakuitaje?"

"Ninajua, mjomba."

"Niliwaambia wanyamaze kwa ajili yako!"

"Mzee Kasiani asife kwa ajili yangu," alisema binti, na hapo machozi yakamtoka. "Wala huyu."

Lori lilikuwa limefika kona ya mwisho, gia zake zikilia. Sajini alisimama, akaitoa pingu, na ilimbidi ajaribu zaidi ya mara moja kabla haijafunga kwenye mikono minene yenye unga. Bartholomeo hakupinga. Alikuwa akimtazama mpwa wake tu, na wanaume wa ukoo wote walikuwa wamegeuza nyuso kando wasimwone, kama desturi inavyotaka. Wanawake walisimama na kanga zao mikononi, hawajui wafanye nini. Mwali hutolewa na shangazi zake, hubebwa mabegani, hupigiwa ngoma. Huyu alikuwa amejitoa mwenyewe, kwa miguu yake, siku isiyo yake, na hakuna aliyemwimbia.

Sajini alimwinamishia kichwa.

Ndipo Modesta alipotoka kizingitini. Alimfikia mwanawe, akasimama pembeni yake juani, akaweka mkono mdomoni, na sauti ikimkatikakatika, akapiga vigelegele peke yake.